Ukuta wa Kukhu na Michoro ya Julie Mehretu

Wewe uliye safarini, mwombe dereva aongeze sauti ya redio kidogo, maana muda huu nataka tuzungumze taratibu.

Leo nimekuja na habari za mchoraji. Jina lake ni Julie Mehretu. Narudia, kwa sababu nataka jina hili likae nawe: Julie Mehretu. Ni mwanamke, mzaliwa wa Addis Ababa, Ethiopia, jirani zetu wa kaskazini, na siku hizi anaishi na kufanya kazi New York, Marekani. Michoro yake imo katika majumba makubwa ya sanaa duniani. Lakini ukisimama mbele ya mchoro wake, msikilizaji, hutaona sura ya mtu inayokutazama. Hutaona twiga wala jua likizama nyuma ya mgunga. Utaona mistari, maelfu ya mistari, mingine myembamba kama unywele, mingine kama moshi uliopeperushwa, imepandana, imefutwa, ikachorwa tena.

Sasa utaniuliza, mtu wa hapa kwetu Bokoli ana shughuli gani na mistari ya New York? Subiri nikuambie kilichonileta.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja alinisimamisha karibu na soko la Bokoli. Mkononi alikuwa na daftari la shule la bintiye. Si daftari la hesabu wala la Kiingereza. Lilikuwa limejaa michoro ya kalamu ya wino, buluu na nyekundu, ukurasa baada ya ukurasa, mistari juu ya mistari, mahali pengine kalamu imekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Mama akaniambia, "Baba, wewe unayesoma vitabu, nisaidie. Hiki ni nini? Mwalimu wake ameniuliza, nami sikuwa na la kusema. Nimemuuliza mtoto mwenyewe, amenyamaza." Nikalifungua lile daftari, nikalitazama mbele na nyuma. Sikuweza kumjibu pale pale. Nikamwomba anipe muda. Mama, kama unanisikiliza, mazungumzo ya leo ni yako.

Hiki ni nini? Tuanze na swali hilo, kwa kuwa ndilo swali ambalo karibu kila mmoja wetu huuliza akiona mchoro usio na sura ya kitu. Wasomi huuita uchoraji dhahania. Jina lisikutishe. Maana yake ni kwamba mchoraji hakujaribu kukuonyesha kitu jinsi kinavyoonekana. Ametumia rangi, mistari na nafasi zenyewe kusema jambo. Nasi tuliosoma kwa kuchora chungu, embe na mwenge, huku tukipewa alama kwa jinsi embe lilivyofanana na embe, tunabaki mdomo wazi. Tunauliza, hiki ni nini? Na tusipopata jibu, tunasema mchoraji ametuchezea.

Mimi nadhani swali lenyewe ndilo linalotupoteza njia. Hebu nikupeleke nyumbani kwa kukhu, nyanya yangu.

Kukhu alikuwa na nyumba ya udongo. Unajua hapa kwetu Bukusu mwaka wa tohara ni mwaka wa namba shufwa, na sherehe zenyewe ni mwezi wa Agosti. Basi mwaka kama huo ukifika, kabla vijana hawajaanza kuzunguka na kengele zao kualika jamaa, kukhu aliikandika nyumba upya. Alikanda udongo na kinyesi kibichi cha ng'ombe, akapaka kwa kiganja, na kiganja chake kiliacha alama za vidole, nusu duara moja juu ya nyingine, ukuta mzima. Chini akazungushia udongo mwekundu. Tulikuwa watoto, tukikaa kwenye nyasi kumtazama. Na sikumbuki hata siku moja mgeni aliyefika pale akauliza, "Mama, ukuta huu ni picha ya nini?" Watu walisimama, wakautazama, wakasema, "Umependeza."

Mwaka mmoja mvua kubwa ilimega kona ya ile nyumba. Baba mdogo akaenda kuitazama, akatuita. Pale palipomeguka tuliona matabaka, moja nyuma ya jingine, kama kitunguu kilichokatwa. Baba mdogo akaweka kidole. "Huu ni wa mwaka nilipotahiriwa mimi. Huu wa ndani ni wa kaka yangu. Na huu mweusi wa moshi, ni wakati jiko lilikuwa upande huu." Akausoma ukuta jinsi unavyosoma kitabu, kutoka jalada hadi jalada. Hakuuliza ukuta unafanana na nini. Aliuliza umepitia nini.

Umepitia nini? Shika swali hilo, msikilizaji. Tutalihitaji.

Sasa turudi kwa Julie Mehretu. Alizaliwa Novemba 1970. Baba yake, Assefa Mehretu, Mwethiopia, alikuwa mwalimu wa jiografia chuo kikuu. Mama yake, Doree Low, Mmarekani, alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka 1974 wanajeshi wakamng'oa madarakani Mfalme Haile Selassie, na utawala ulioitwa Dergi ukashika nchi. Miaka michache baadaye Addis Ababa ikawa mji wa hofu. Vijana walikamatwa, waliuawa, wasomi walisakwa. Mwaka 1977 familia ile ikaondoka. Walikwenda East Lansing, katika jimbo la Michigan, Marekani, na baba akapata kazi ya kufundisha chuo kikuu huko. Julie alikuwa na miaka 6.

Nikae hapa kidogo, kwa sababu wapo wanaonisikiliza ambao hawahitaji kuelezwa jambo hili. Wewe uliyehama Cheptais usiku, wakati wa machafuko ya Mlima Elgon kati ya 2006 na 2008, ukafika Bungoma au Kitale na watoto mgongoni, unajua mtoto wa miaka 6 hubeba nini akihama. Habebi sufuria. Habebi cheti cha shamba. Hubeba njia ya kwenda kisimani, kona ya jikoni, sauti ya mlango. Akikua, ukimwambia akuchoree kwao, huenda asikuchoree nyumba iliyokamilika yenye dirisha na bomba la moshi. Atakuchorea vipande, kipande hiki kimekaa juu ya kile. Na hapo utamwambia amekosea?

Watu wengi wanaoandika juu ya Mehretu hupenda kusema kwamba alichora ramani kwa kuwa baba yake alikuwa mwalimu wa jiografia. Huenda limo jambo. Lakini mimi naliona lile la kuhama kuwa zito zaidi. Mtoto aliyekaa mahali pamoja haoni sana haja ya ramani. Njia anazijua kwa miguu.

Alisoma Chuo cha Kalamazoo, huko huko Michigan, akamaliza mwaka 1992. Katikati ya masomo hayo alikuja Afrika, akakaa Dakar, Senegal, akasoma katika Chuo Kikuu cha Cheikh Anta Diop. Kisha akasomea sanaa Rhode Island, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 1997. Akapitia Houston, Texas, na mwaka 1999 akahamia New York. Sitakuchosha na orodha ya shule. Ninachotaka ushike ni jambo alilolianza akiwa mwanafunzi: alichora alama ndogo ndogo, nukta na vistari, na akaziona alama hizo kama watu. Alama zinahama. Zinakutana na alama nyingine. Zinajenga mji, zinagombana, zinasambaratika. Akachora ramani za nchi zisizokuwepo ili alama zake zipate mahali pa kuishi.

Je, umewahi kusimama juu ya kilima cha Chetambe, pale juu ya Webuye, siku ya soko, ukatazama chini? Watu ni nukta. Huwezi kumjua fulani wala fulani. Lakini unaona wanakotoka, wanakoelekea, wapi wamesongamana, wapi wametawanyika. Hiyo ndiyo namna ya kwanza ya kuutazama mchoro wa Mehretu. Panda juu kidogo, utazame mwendo.

Na maadamu tumefika Chetambe, hebu niseme neno la pili. Kilima kile mwaka 1895 kilikuwa na ngome. Babukusu walijifungia humo kupigana na jeshi lililoongozwa na Waingereza, baada ya vita vya Lumboka, na damu nyingi ikamwagika. Leo ukipanda unaona nyasi, mawe, mbuzi wa watu. Lakini chini ya nyasi ipo ngome, na chini ya ngome yapo maisha ya watu waliokuwepo kabla ya ngome. Mehretu amechora sana ngome. Amechukua ramani za ngome za kijeshi, za viwanja vya ndege, viwanja vya mpira, masoko, majumba ya serikali, akaziweka ndani ya mchoro mmoja. Anachora palipojengwa, palipobomolewa, na watu waliopita katikati.

Anafanyaje? Hapa nisikilize kwa makini, wewe uliye fundi, na wewe mama unayejua kukandika.

Anachukua kitambaa kizito kilichokazwa kwenye fremu, wakati mwingine kikubwa kuliko ukuta wa sebule yako. Anakipaka rangi ya msingi, nyeupe, laini. Juu yake anamulika kwa taa picha ya ramani ya jengo, kisha anaifuatisha kwa kalamu ya wino, mstari kwa mstari, kwa rula, kama msanifu wa majengo. Ikikamilika, anaifunika yote kwa tabaka la rangi isiyo na rangi, angavu kama kioo chembamba. Tabaka likikauka, analisugua kwa msasa mpaka linakuwa laini. Ile ramani iko chini, unaiona, lakini huwezi kuigusa tena. Kisha anaanza juu ya tabaka jipya: ramani nyingine, alama za mkono, rangi. Anafunika tena. Anasugua tena. Anaanza tena.

Unaona sasa kwa nini nilikupeleka kwa kukhu? Tofauti ni kwamba matabaka ya kukhu yalijificha mpaka mvua ilipoyafichua. Matabaka ya Mehretu yanaonekana yote kwa pamoja. Unatazama leo, na nyuma ya leo unaona jana, na nyuma ya jana unaona juzi, vyote vimesimama mbele yako.

Mwaka 2003 alichora mchoro mkubwa, ambao umo katika jumba la sanaa la Walker, mjini Minneapolis. Ndani yake mna ramani ya Addis Ababa, mji wa utoto wake. Juu yake akatandika ramani za miji mingine mikuu ya Afrika. Akaongeza majengo ya enzi za wakoloni, na yale majengo marefu ya kisasa ambayo nchi zetu zilijenga baada ya uhuru, wakati tulipokuwa na matumaini makubwa. Sisi tunayajua majengo ya aina hiyo. Jumba letu la KICC lilifunguliwa Nairobi mwaka 1973, na wazee wanakumbuka jinsi watu walivyosafiri kwenda tu kulitazama. Katika mchoro ule, matumaini hayo yako pale, yamechorwa kwa rula. Na juu yake alama nyeusi zinapita kama kundi la nzige, au kama umati, au kama upepo. Ni kipi? Mchoraji hakusema. Mimi kila ninapotazama nakala yake naona umati. Wewe huenda ukaona nzige.

Mwaka uliofuata, 2004, alichora michoro mitatu aliyoiita Stadia. Hiyo, msikilizaji, hata mtoto wa darasa la tatu ataielewa. Amechukua ramani za viwanja vya michezo, akazizungusha mpaka unajisikia umekaa jukwaani. Rangi zinaruka kama bendera, nyekundu, buluu, manjano, lakini hakuna bendera hata moja unayoweza kusema ni ya nchi fulani. Katikati pana mngurumo, japo mchoro hauna sauti. Ulikuwa wakati wa vita vya Iraki, na mwaka wa Michezo ya Olimpiki. Aliye na bendera mkononi huko uwanjani anashangilia mpira au anashangilia vita? Wewe uliyekaa uwanjani Mumias enzi za timu ya Mumias Sugar, au Mbaraki, au Kasarani, ukasikia watu elfu nyingi wakipiga kelele moja, unajua furaha ile na unajua pia jinsi inavyoweza kugeuka kwa dakika moja.

Mwaka 2005 akapewa tuzo ya MacArthur, dola 500,000 zilizotolewa kidogo kidogo kwa miaka 5, ili afanye kazi bila wasiwasi. Halafu benki moja kubwa ya New York ikamwita achore ukuta wa ukumbi wa makao yake makuu. Mchoro huo una urefu wa futi 80 na kimo cha futi 23. Futi 80! Ni sawa na kupanga matatu tano za Nissan mstari mmoja. Aliajiri wasaidizi wengi, na kazi ikachukua kama miaka miwili. Humo mna ramani za njia za biashara, mabenki, masoko, miji iliyokua na kuanguka. Wafanyakazi wa benki wanaupita kila asubuhi wakienda kuhesabu fedha. Natamani kujua kama wanasimama.

Kisha mwaka 2011 watu wa Misri wakajaa uwanja wa Tahrir, Cairo, na pembeni mwa uwanja ule lipo jumba kubwa liitwalo Mogamma, wakati huo likiwa la serikali, mahali raia alipokwenda kutafuta muhuri na kurudishwa kesho na keshokutwa. Mehretu akachora michoro minne mirefu kwa jina hilo. Akalichukua jumba lile, akalichanganya na viwanja vya miji mingine ambako watu wamewahi kukusanyika na kusema hapana, ukiwemo uwanja wa Meskel wa Addis Ababa. Ukiitazama, majengo yako chini, yamenyooka kwa rula, na juu yake mkono wa mtu umepita na wino, kwa hasira, kwa haraka. Mistari ya serikali imenyooka. Mistari ya watu imepinda.

Nisisitize hapo, maana ndipo penye uzito wa kazi yake yote. Chini, mistari ya rula. Juu, mistari ya mkono. Ukishaona hivyo mara moja, hutaacha kuona.

Baadaye akabadilisha njia. Ramani zikapungua. Akaanza na picha za magazeti. Mwaka 2014 kijana Michael Brown, mwenye miaka 18, alipigwa risasi na polisi Ferguson, Marekani, na watu wakaingia barabarani. Mehretu akachukua picha ya polisi waliovaa kofia za chuma wakati huo, akaivuruga kwa kompyuta mpaka hakuna uso unaoonekana, ukabaki ukungu wa rangi. Ukungu huo akaunyunyizia kwenye kitambaa, ndio ukawa udongo wake, kisha juu yake akachora kwa wino. Ukiuona mchoro hutajua kwamba polisi wako chini. Lakini utajisikia vibaya tumboni kabla hujajua kwa nini. Sisi Wakenya tuliotazama picha za maandamano ya Juni 2024, tena na tena kwenye simu, mpaka hatukuweza kuzitazama tena, tunaelewa kitu hicho. Picha inapotazamwa mara nyingi mno huchoka, haitufikii. Mchoraji ameivuruga ili itufikie upya.

Na kati ya 2016 na 2017 akachora michoro miwili mikubwa mno, kwa ajili ya ukumbi wa kuingilia wa jumba la sanaa la San Francisco. Kila mmoja una futi 27 kwa 32. Hakuna studio iliyotosha. Ikabidi apewe kanisa lililokuwa limeachwa, mtaa wa Harlem, New York, achoree humo ndani, akipanda na kushuka kwa mashine ya kuinulia watu. Rafiki yake, mpiga piano Jason Moran, akawa anakuja na kinanda chake, akitunga muziki huku yeye akichora. Fikiria picha hiyo, msikilizaji. Kanisa halina waumini. Mwanamke wa Kiethiopia yuko juu karibu na dari na brashi mkononi. Chini piano inalia.

Sasa najua yupo mzazi anayeniuliza, sawa, lakini mchoro unalipa? Ni swali la haki, hasa wakati huu ambapo watoto wa Gredi ya 9 wanachagua njia watakayofuata, na mtoto akisema anataka njia ya sanaa nyumba nzima inanyamaza. Basi nikujibu. Novemba 2023 mchoro wake wa mwaka 2008 uliuzwa mnadani New York kwa dola milioni 10.7. Wakati huo hakuna mchoro wa msanii mwingine mzaliwa wa Afrika uliokuwa umewahi kufikia bei hiyo mnadani.

Lakini sitaki uende kulala na namba hiyo, na nawasihi wanaowashauri watoto wetu wasiitumie kuwavutia. Huko Marekani, mchoro ukishauzwa mara ya kwanza, mnada wa baadaye humlipa aliyekuwa akiumiliki, si aliyeuchora. Bei ile inatueleza juu ya matajiri wanaonunua. Kuhusu kazi yenyewe, mimi naona jambo jingine ni kubwa zaidi: kwamba mwaka 2024 alitoa zaidi ya dola milioni 2 kwa jumba la sanaa la Whitney, New York, ili kijana yeyote mwenye miaka 25 au chini ya hapo aingie bila kulipa. Anajua kijana asiye na nauli hufikia wapi. Mlangoni.

Na asije mtu akakuambia kwamba sanaa ya namna hii ni ya wageni. Kule Addis Ababa, kabla Julie hajazaliwa, alikuwepo Gebre Kristos Desta, mzaliwa wa Harar, aliyesomea Ujerumani akarudi nyumbani kufundisha uchoraji dhahania katika miaka ya 1960. Yeye pia aliikimbia Dergi, akafariki Oklahoma, Marekani, mwaka 1981. Siku hizi Addis ina jumba la sanaa lenye jina lake, na mwaka 2016 Mehretu alirudi kuonyesha michoro yake katika jumba hilo hilo. Karibu zaidi na sisi, pale Mumias, alizaliwa Gregory Maloba mwaka 1922. Alikuwa mchongaji. Kama umewahi kufika Kampala katikati ya mji, umeipita kazi yake: Sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962, mwanamke aliyefungwa kwa vitambaa, ameinua mtoto juu. Mluhya wa Mumias ndiye aliyewachongea Waganda na Uganda nzima alama ya uhuru wao. Nasikitika kwamba wengi wetu tumepita chini yake tukikimbilia basi la kurudi Malaba.

Nimebakiza jambo moja, na ndilo lililonifanya nimkumbuke Mehretu nilipolishika daftari la yule binti.

Mwaka 2003, alipokuwa Minneapolis, aliwatafuta vijana wapatao 30 wa shule za upili ambao familia zao zilitoka Afrika Mashariki. Huko wamejaa, Wasomali, Waethiopia, na wengine. Hakuwachora. Aliwapa kamera na vinasa sauti. Wakaenda wakapiga picha za maisha yao wenyewe: nyumbani, shuleni, njiani, madukani. Wakarekodi sauti. Halafu mradi ule ukapewa jina linalotangaza kwamba Minneapolis na St. Paul, miji ile ya theluji, ni miji ya Afrika Mashariki. Mtu aliyekuja Marekani akiwa na miaka 6 anawauliza watoto waliokuja kama yeye: nyinyi mmepitia wapi? Nionyesheni.

Hakuwauliza, hiki ni nini.

Kwa hiyo, mama wa soko la Bokoli, nakujibu sasa. Sijui daftari la binti yako ni nini, na sidhani ni kazi yangu kujua. Lakini nililitazama tena kichwani mwangu wiki hizi mbili. Nakumbuka ukurasa mmoja ambapo wino wa buluu umetangulia, mistari imenyooka, imepangwa vizuri, kama ua wa boma. Kisha nyekundu imekuja juu yake, imepinda, imerudi, imetoboa karatasi pale chini kwenye kona. Hiyo kona sijaisahau.

Leo jioni, mkimaliza kuosha vyombo, kaa naye. Usimwambie chochote kuhusu alama za mtihani. Fungua ukurasa ule, muwekee kidole kwenye buluu, umuulize, "Mwanangu, ulianzia wapi?" Kisha umsubiri. Huenda akanyamaza tena. Msubiri hivyo hivyo. Na akiweka kidole chake karibu na chako, akakisogeza kufuata mstari mmoja mpaka ile kona iliyotoboka, wewe mfuate tu.

Ijumaa nitapita tena sokoni, upande ule wa wauza nyanya. Nitakutafuta.